Msalaba Pembezoni

"Hata kina Perpetua wote wana msalaba," alisema Edvina, mtoto mgongoni, kidole chake kikishuka pembezoni mwa kitabu cha ubatizo. Katika parokia ile, aliyefariki huchorewa msalaba mdogo kando ya jina lake. Edvina alikwisha kuzika wawili. Huyu wa tatu alimtafutia jina lisilo na msalaba, na tayari alikuwa amekataa majina manne.

Katekista Kasiani akavua miwani. "Mama, hili ni jina la Kilatini, maana yake mwenye kudumu. Alikuwa nalo shahidi aliyemnyonyesha mwanawe gerezani. Watawa wakalirithi, watunzi wakalitia hadithini. Ulitaka wote wawe hai mpaka leo?"

"Nataka mmoja tu."

Bibi mmoja aliyekuwa ameleta maua ya altare akatua ndoo yake mlangoni. Akaja mezani, akapekua kurasa taratibu, akagonga mstari mmoja. "Huyu ni mimi. Mwaka wa ndui nililala siku tisa bila kujitambua, wakanichorea msalaba wakidhani nimekwenda. Tangu hapo nimezaa watano."

Kasiani akanyoosha mkono kutafuta kifutio.

"Uache," bibi akasema. "Tumeshazoeana."

Edvina akafungua kanga, akampakatisha bibi mtoto. "Basi mshike somo wako, Perpetua mwenzako."

Kasiani akaandika. Wino ulikuwa haujakauka bado mtoto alipokikamata kidole cha bibi, akakivuta kinywani.