Goti Lisipite Vidole

"Goti," alisema Emilian, na Severina akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Goti lisipite vidole vya mguu, Mama Leonard. Utaumia."

"Nimesikia, Baba Leonard." Akalirudisha nyuma, wakaendelea.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, pale kijijini Mkiwa. Wazee hawa wawili walisimama uani bila viatu, wakisogeza mikono polepole mbele ya shamba lao la alizeti. Emilian aliwahi kuwa mtunza stoo katika kambi ya Wachina waliojenga barabara, na mpima ardhi mmoja alimfundisha taichi, mazoezi yao ya kujinyoosha polepole, kwa miaka mitatu. Severina alipoteleza na kuanguka kando ya kisima mwaka juzi, mume wake aliamua naye afundishwe, miguu ipate nguvu. Majirani walicheka wiki ya kwanza, kisha wakachoka.

Kosa kubwa la Severina lilikuwa la wanawake wote wa huku: akiambiwa ashuke, aliinama kiunoni kama ameshika jembe.

"Unalima tena!" Emilian alikuwa akifoka. "Mgongo wima! Shuka kwa magoti!"

Yalikuwepo na mengine. Mabega kupanda, pumzi kubanwa, macho kutazama chini. Makosa saba, yaleyale kila asubuhi, na mzee hakumwachia hata moja.

Hiyo ilikuwa zamani. Kufikia Krismasi alikuwa akimsahihisha mara nne. Baada ya Pasaka, mara mbili. Leo, goti tu.

"Siku hizi husemwisemwi, umeiva," jirani yao Evodia alimtania akipita na kuni kichwani. Severina aliingia ndani akalia mpaka khanga ikalowa.

Kesho yake mtoto wao Leonard angekuja kutoka Dodoma. Alishasema kwenye simu: "Wazee wawili peke yenu, nani anamwangalia mwenzake? Nakuja kuona kwa macho yangu. Nisiporidhika, tunafunga nyumba mnakuja kwangu."

Severina alizaa watoto wanne katika nyumba ile, akazika wawili nyuma yake. Hakutaka kuondoka. Aliiogopa hiyo Jumamosi mpaka chakula kikamshinda.

Leonard alifika mapema. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akavuta kigoda, akakaa. Taichi hakuijua hata kidogo, ila alikodoa macho.

Wakaanza. Kila hatua Severina alimtazama mume wake usoni, akimsihi kimoyomoyo aseme neno, lolote lile. Walipofika pa kushuka alikawia kuliko kawaida, jasho likimchuruzika shingoni. Emilian alikuwa akimwangalia vizuri tu, tena kwa upendo. Wakapita hapo. Wakamaliza.

Mzee aliunganisha viganja, akatabasamu.

"Leo hukukosea hata mara moja, Mama Leonard. Kazi yangu imekwisha."

Leonard akapiga makofi. "Mama, kumbe uko imara hivi! Na baba kweli ni mwalimu. Basi mimi sina neno tena, kaeni kwenu."

Ndicho Severina alichokuwa akikiomba mwezi mzima. Angenyamaza tu, na jioni mtoto angepanda basi lake akaondoka. Emilian aliingia ndani kunawa, akiimba kwa sauti ya chini.

Severina alimshika mwanawe mkono, akaukaza.

"Funga nyumba, Leonard. Makosa yote saba nimeyafanya mbele yake, tena kwa makusudi, kama ninavyofanya kila asubuhi tangu aanze kusahau njia ya kurudi nyumbani. Baba yako leo hajaona hata moja."