Mstari wa Pili

Sverre alijifungia bafuni, akadondosha matone ya soda ya kola kwenye kipimo cha Korona, akangoja. Kijiti cha kuchokolea pua hakukigusa hata kidogo.

Mstari wa kwanza ulitokea, ule wa kuonyesha kipimo ni kizima. Kisha wa pili, ule wa kuonyesha ugonjwa, ukajichora polepole, mwekundu, mzuri ajabu.

"Mke wangu!" aliita, akijikoholesha. "Hebu njoo uone."

Mkewe alisimama mlangoni na koti lake, funguo za gari mkononi. Vipimo alivichukua yeye maktabani, vilikokuwa vikigawiwa bure.

"Ulikizungusha kijiti tundu zote mbili za pua?"

"Mpaka machozi yakanitoka."

"Maskini! Na baba kaloweka samaki wiki nzima, anatungoja leo."

Ndiye huyohuyo samaki aliyekuwa akimkwepa. Kila Novemba mkwewe alimloweka kwenye magadi mpaka akawa kama ute, na Sverre alimmeza macho kafumba, huku mzee akiuliza, "Nikuongeze, mwanangu?"

"Mwambie nimesikitika sana," alisema Sverre.

Mkewe alikwenda kupiga simu. Sverre akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea, akapiga funda refu la kola kujipongeza.

Akasita. Akapiga la pili.

Akainusa chupa. Akanusa sabuni. Akavua soksi aliyoshinda nayo, akaibandika puani, akavuta pumzi kwa nguvu zote.

Hakuna harufu, wala ladha.

"Sverre!" mkewe alipaza sauti kutoka sebuleni. "Baba anasema usihuzunike, atakuletea samaki wako hapa mlangoni. Vipande vingapi?"

Sverre aliitazama soksi.

"Vyovyote tu," akajibu.