Jasho la Kweli

Fundi alitema mate juu ya gitaa jipya, akayasugua kwa kidole gumba mpaka yakapotea kwenye mbao. Binti aligeuza uso.

"Usione kinyaa," fundi alisema. "Gitaa la zamani ni uchafu wa watu mtupu. Mate, jasho, mafuta ya nywele, bia iliyomwagika. Wanaolitafuta wanatafuta hayo hayo, ila hawasemi."

Mtaani walimwita Kucha, kwa sababu ya kucha ndefu za manjano alizozifuga mkono wa kulia. Karakana yake ilinuka siki na gundi. Ndani ya kopo la maziwa, skrubu mpya zilikuwa zimelowekwa kwenye maji ya chumvi zipate kutu. Asubuhi alikuwa amelitoa gitaa kwenye friji na kulipulizia mashine ya kukaushia nywele, mpaka vanishi ikapasuka mistari kama kisigino kikavu. Sasa alikuwa anazijaza nyufa kwa machicha ya kahawa na rangi ya viatu.

"Picha hii hapa," binti alisema. Marehemu baba yake alikuwa jukwaani, amelikumbatia gitaa la umeme, sigara imechomekwa kwenye nyuzi kichwani mwa gitaa, karibu na vifungio vya kuzikazia.

"Iweke mfukoni."

Kucha aliwasha sigara, akavuta mara mbili, akaigandamiza kwenye kichwa cha gitaa. Mbao ikafuka moshi. Alipoiondoa, doa jeusi lilikuwa palepale lilipokuwa kwenye gitaa la baba, hata upana ulikuwa uleule.

"Kumbe ulimwona akipiga?"

"Nani hakumwona?"

Kisha akavua shati. Akavaa mkanda wa gitaa begani, na tumbo lake lililolowa jasho likanata kwenye mbao. "Saa nzima hivi," alisema. "Harufu haipatikani dukani."

Binti aliziba pua. "Mzee, tafadhali. Hilo nalo ni lazima?"

"Mama yako atalinusa, hatalinusa?"

Mama angelinusa.

"Ningekuwa wewe ningemwambia tu ukweli," Kucha alisema. "Mama yako ni mwelewa."

"Wewe humjui mama yangu."

Kucha alijikuna tumbo.

Wiki tatu kabla, mama alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika nyonga. Hospitali haikutaka kumpasua bila malipo, na kila ndugu aliyepigiwa simu alikuwa na matatizo yake. Ukutani sebuleni kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: gitaa la baba. Binti alikishusha.

Mnunuzi alikuja na tochi na glavu nyeupe. Alilimulika gitaa kila upande, akaingiza pua mahali ambapo mkono wa baba ulikuwa umekula rangi, akafumba macho na kuvuta pumzi kama mtu anayenusa mtoto mchanga. Halafu, mbele ya binti, akatoa ulimi na kupalamba.

"Chumvi," alisema, na midomo yake iling'aa. "Jasho la kweli hili, dada. Miaka na miaka. Hakuna fundi duniani anayeweza kuliiga."

Binti alitamani kumpokonya. Alipokea bahasha. Usiku ule aliosha mikono mara tatu, na mpaka leo ulimi ule haujamtoka machoni. Ni kama aliuza kaburi, akamwachia mgeni alilambe.

Mama hakuambiwa. Alidhani ukoo umechanga, na kitandani aliwaombea dua wote, mmoja mmoja kwa jina. Binti alikuwa anasikia, anatazama sakafu.

Leo mama anaruhusiwa kutoka. Kwa miaka kumi na miwili, tangu awe mjane, kila Jumamosi alikuwa analishusha gitaa lile na kulifuta kwa kitambaa laini, polepole, bila kusema neno. Hakumruhusu bintiye hata kulishika. "Una mikono ya mafuta," alikuwa anamkatalia. Gitaa lile ndiyo sehemu ya mumewe iliyobaki. Akilikosa ukutani, daktari amemponya nyonga bure.

Kucha alilivua gitaa na kumkabidhi. Lilikuwa na joto na unyevunyevu. Binti alilibeba kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba panya aliyekufa, akalitundika ukutani saa moja tu kabla ya teksi kufika.

Mama aliingia akiegemea magongo. Hakuketi. Alisimama mbele ya ukuta, akatazama.

"Nishushie."

"Pumzika kwanza, mama."

"Nishushie, mwanangu."

Alikaa kwenye kochi, akalilaza mapajani. Alipitisha kiganja kwenye nyufa. Aliinama, akanusa. Kidole gumba chake kikapanda taratibu shingoni mwa gitaa, mpaka kwenye doa la sigara, kikatulia hapo.

Binti alisogea karibu na kochi. Alitafuta uongo wa kusema.

"Kwa hiyo ndugu hawakuchanga," mama alisema.

"Mama, nisamehe. Nili—"

Mama alimshika mkono, akauweka juu ya gitaa. Alikuwa anatabasamu, macho yamejaa machozi.

"Kucha anazidi kuijua kazi," alisema. "Lile alilonitengenezea mimi, nilipouza la baba yako ili wewe uende sekondari, halikufikia hili."