Bi Harusi wa Mzee Lwitiko

Tunu alikuwa akikusanya kumbukumbu za askari wa kawaida, na Mzee Lwitiko alikuwa amemchekesha asubuhi nzima kwa vituko vya vitani. Kisha mzee akamwekea kiganjani kitu kilichofungwa kwa leso.

"Tulimwita Bi Harusi. Hakuna aliyethubutu kumfunua."

Tunu akafunua. Lilikuwa bomu la mkono, pini yake imeliwa na kutu.

"Mzee, hili bado linalipuka?"

Mzee akaacha kucheka. "Sijui. Limekaa uvunguni miaka arobaini. Naogopa hata kulitupa."

Tunu alipotaka kulirudisha, pini ikakatika.

"Bana kishikio! Usiachie, mwanangu, linaweza kulipuka."

Mzee akaufumbata mkono wa Tunu kwa mikono yake miwili, wakatoka polepole kuelekea bondeni kusiko na nyumba. Jirani aliyekuwa akianika nguo akawaamkia, akidhani binti anamsaidia mzee kutembea.