Somo la Namba

Katika shule ya Mwalimu Mkuu Bwakila, mtoto aliyechapwa alizihesabu fimbo zake mwenyewe kwa Kiingereza, na akikosea walianza upya. Namba walizijua, jamani!

Asubuhi ile alikuja mkaguzi. Mwalimu Zawena akafungua kompyuta mbele ya darasa kuonyesha somo alilolitunga: namba kwa sauti halisi za watoto, alizozinasa kwa simu chini ya dirisha la ofisi ya mkuu.

"Bonyeza basi, mama, tusizeekee hapa," Bwakila alitania.

Akabonyeza.

"One," ilisema sauti ya mtoto kwenye spika. Fimbo ikalia. "Two." Ikalia tena. "Thr... mwalimu, nakufa!"

"Anza upya!" ilinguruma sauti ya Bwakila.

Bwakila mwenyewe aliruka, akaitandika kompyuta kwa fimbo yake hadi kioo kikapasuka na kipande kikamchana Zawena shavuni. "Zima, mwanamke we!"

Zawena alijua kibarua kimeota nyasi. Aliikumbatia spika, fimbo zikamshukia mgongoni.

"One," sauti ilianza tena kifuani mwake.

Madawatini, watoto wote wakanyoosha viganja, wakafumba macho.