Jimbo Lisilokata Kodi

Mikataba ya wacheza mpira wawili, Kibwe na Luhende, iliisha msimu mmoja. Kibwe akasaini tena na timu ya nyumbani, akimtambia rafiki yake Luhende kwa mshahara mnono. Luhende akasaini na timu ya jimbo jirani, ambako mshahara haukatwi kodi. Kibwe alipokatwa kodi yake ndipo akajua nani amepata zaidi.

Siku ya Luhende kuhama, Kibwe alimsaidia kufunga vyombo kwenye lori.

"Ulijua mambo ya kodi, ukaninyamazia?"

"Nilikwambia, kaka. Ukanicheka, ukasema mcheza mpira na kodi wapi na wapi."

Kwa wivu, Kibwe akaizungusha mkononi ncha ya kamba iliyofunga vyombo kwenye lori. Dereva akawasha lori.

"Achia kamba, kaka," Luhende alisema kwa upole.

Kibwe akaizungusha tena mkononi, na lori likaanza kusogea.