Mkasi Wenye Kishindo

Dukani kulikuwa na mikasi miwili ya kukatia bati, ile mizito ya kufungwa mezani kwa boliti.

"Chukua huu, dada," alisema muuzaji. "Haupigi kelele. Hutawasumbua majirani."

"Jirani yangu ni shemeji," alijibu Zawena. "Alinifukuza kwenye karakana niliyofanya kazi na marehemu mume wangu, matanga hayajaanuliwa. Nataka anisikie."

Akanunua ule mwingine.

Kesho yake aliufunga uani kwake, akaingiza bati, akauvuta mpini kwa nguvu zote. Kishindo kikaruka ukuta. Nyundo ya shemeji ikanyamaza. Wateja wake, wakiufuata mlio huo, wakaanza kubisha hodi kwa Zawena, mmoja mmoja.

Mwishowe shemeji mwenyewe akasimama mlangoni, kofia mkononi.

Zawena hakumkaribisha wala hakumfukuza. Akaingiza bati jingine.